Vitabu Viwili vya Mdogo Wangu Saada

Siku ya hitma ya mdogo wangu Saada, Mzee Mwinshehe alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu asiyegombana na jirani. Watu wakaitikia amina. Mimi niliinamisha kichwa, maana nilikuwa mfiwa, na mfiwa hapingani na mtu siku kama ile. Lakini Mzee Mwinshehe ndiye mgawa maji wa mfereji wetu mdogo kule Dakawa, na hakuna mtu aliyegombana na Saada kumzidi yeye. Mungu anajua na mimi najua. Marehemu hazuliwi maneno, hata kama maneno yenyewe ni ya kumsifu. Ndiyo maana naandika.

Saada hakuwa mpole. Alizaliwa Kinole, miaka minne baada yangu, na moyo wenye kasoro. Daktari wa mjini alimweleza mama kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Njia ya kupanda kwenda kwenye midalasini yetu ilimshinda tangu akiwa mtoto. Alikuwa akifika kwenye jiwe la kwanza anakaa, anatuangalia tunavyopanda na vikapu, na tukirudi anatuambia ni mti gani tumeuchuna vibaya. Watoto wenzake walimwogopa kwa mdomo. Madrasa alikuwa wa kwanza. Ustadhi wetu alikuwa akitupa ubao, tunaandika aya, tunahifadhi, tunausomea mbele yake, kisha tunauosha na kuandika nyingine. Aliyekosea herufi anarudi mwanzo. Saada hakurudi mwanzo mara nyingi, na kila mwenzake aliyerudi yeye alimcheka.

Alipomaliza kidato cha nne alishuka Dakawa, ardhi tambarare isiyombana pumzi. Alikabidhiwa majaluba mawili ya mpunga ya mama yetu mkubwa, mwishoni kabisa mwa mfereji. Si ile skimu kubwa ninayoisema. Ni mfereji wetu wenyewe, wa kikundi cha watu wachache, uliochimbwa na baba yake Mwinshehe na wenzake. Hakuolewa. Alipokuja mposaji mmoja, Saada alimwuliza anasoma kitabu gani kwa sasa. Yule bwana akasema yeye si mtu wa vitabu. Saada akamwambia chai imekwisha.

Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, kikundi kilimfanya katibu. Hapo ndipo vita ilipoanza, kwa sababu katibu anaandika lakini mgawa maji ndiye anayegawa, na Mwinshehe alikuwa na daftari lake ambalo katibu haruhusiwi kuligusa. Maji yalikuwa yanafunguliwa kwa saa kumi na moja kila siku, na kila siku ilikuwa zamu ya mashamba manne. Kila shamba lilipata saa mbili. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yake, na watu walizoea. Wale wa mwisho, kama Saada, saa zao mbili zilihesabiwa tangu lango la juu linapofunguliwa, kwa hiyo maji yakimfikia nusu ya muda imekwisha. Kila msimu mpunga wake ulikuwa unanyauka huku ule wa Mwinshehe, kando ya lango, umesimama kijani kama majani ya mgomba.

Akamwambia Mwinshehe kwamba zamu zipangwe na kompyuta. Kikundi kilikuwa na kompyuta moja, imetolewa na mradi fulani, na kazi yake kubwa ilikuwa kufunikwa kitambaa. Mwinshehe akacheka. Akasema wanachama wakitaka kompyuta iwagawie maji, yeye hana kinyongo, ila nani ataifundisha? Saada akasema yeye. Alisema mbele ya mkutano mzima, kwa hiyo hakukuwa na kurudi nyuma. Wakampa mwaka mmoja. Asipoweza, daftari linabaki na asilitaje tena.

Fundi wa ile kompyuta alikuwa kijana wa mjini anayeitwa Victor, mwenye diploma, mwenye simu mbili na maneno ya kuzijaza zote. Yeye ndiye aliyemtajia Saada lugha ya kuandikia programu inayoitwa Python. Mama alipoambiwa jina hilo maana yake ni chatu, aliniagiza nimsomee mwenzangu dua. Saada alipanda gari kwenda Morogoro mjini kutafuta kitabu, na Victor akaenda naye kwa muuza vitabu chakavu anayetandaza bidhaa zake kando ya barabara. Habari za siku hiyo nilizipata kwa wote wawili, na hazipishani sana.

Pale chini palikuwa na kitabu cha Python kilichotolewa fotokopi na kufungwa kwa waya wa plastiki. Kilikuwa cha mwalimu mmoja, Kasimiri, aliyewahi kufundisha chuoni. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika maelezo yake kwa wino wa buluu, kwa Kiswahili, mwandiko wa mtu asiye na haraka. Victor alikitazama mwaka wake akakirudisha chini. Akatoa simu na kumwonyesha kitabu kingine, toleo jipya, la mwaka uliopita tu.

“Sista, hicho cha zamani. Lugha imeshabadilika. Chukua hiki.”

“Hiki chako kina mwalimu gani?”

“Mwalimu wa nini tena? Unasoma mwenyewe. Usichokihitaji unakiruka, ukikwama unauliza mtandaoni.”

“Unakiruka,” Saada alisema, kama mtu aliyekaribishwa nyama ya mzoga.

Akachukua kile cha waya. Kwetu kitabu hakichaguliwi kwa mwaka. Kinachaguliwa kwa kuangalia kimepita mikononi mwa nani, na nani alikaa nacho akakifundisha. Kitabu kizee chenye mwalimu ndani yake kinakishinda kipya kisicho na mtu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ningekuwa pale ningemwambia achukue hicho hicho. Isitoshe, alikuwa na sababu nyingine ambayo Victor hakuijua. Mwezi ule daktari alikuwa amemwambia ukweli kuhusu moyo wake. Aliniambia kwa simu, bila kulia: “Kaka, sina pumzi ya vitabu viwili. Nina ya kimoja.”

Alikitoa fotokopi nyingine akaniletea. Akaanza na Bismillahi ukurasa wa kwanza, na akakihifadhi. Nasema akakihifadhi, namaanisha alikihifadhi kichwani, ukurasa kwa ukurasa, kwa ubao wa mbao aliotengenezewa na fundi seremala. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nilipanda kwenye jiwe lililo juu ya msikiti, ambako mtandao unashika vizuri, nafungua nakala yangu, naye ananisomea kwa simu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitabu na kumsahihisha. Kiingereza cha kidato cha nne kilitosha kufuata herufi. Maana yake sikuijua na sikuiuliza. Alipokosea nilisema, “Rudi,” naye alirudi huku ananitukana. Miezi minane tulifanya hivyo. Mpaka leo naweza kukuambia ni neno gani linaanza ukurasa gani, na sijui hata moja lina kazi gani.

Kisha akaandika programu yake. Siku ya kuijaribu kwa mara ya kwanza aliita wanachama kwenye ofisi ya kikundi, kosa la kiburi, na alijua baadaye. Mashine ilikataa tangu mstari wa kwanza. Akarekebisha, ikakataa wa tatu. Kila alichoandika kilikuwa sawasawa na kitabu, na kila kilicho sawasawa na kitabu kilikataliwa. Victor alikuwepo. Angeweza kumvuta pembeni. Badala yake aliinama kwenye kioo, akanyooka, akawageukia watu.

“Jamani, dada yetu amehifadhi maiti. Lugha hii ya kitabu chake ilishazikwa. Kompyuta inazungumza nyingine.”

Watu walicheka, na Mwinshehe alicheka mpaka akavua kofia. Alisema yeye si msomi, lakini hata yeye asiyejua kitu angeuliza kwanza kama kitabu kiko hai. Daftari likarudi mezani. Msimu ule majaluba ya Saada yalipasuka kama nyayo za mtu mzee, na miche yake iliishia kuliwa na mbuzi wa watu.

Alikuja Kinole akakaa siku saba. Siku ya tatu nilifanya kosa langu. Nilimwambia Victor alikuwa sahihi, kitabu kizee kitupwe. Nilikuwa na uchungu, nilitaka apumzike. Aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuielezea.

“Ustadhi alitufundisha nini kuhusu hukumu zilizofutwa?” aliniuliza.

Nilijibu kama mwanafunzi. Kuna aya hukumu yake imefutwa na aya iliyoshuka baadaye, lakini aya yenyewe inabaki na inasomwa. Anayetaka kuijua dini lazima azijue zote mbili, ifutayo na iliyofutwa, la sivyo atahukumu vibaya.

“Basi,” alisema. “Nilisoma kilichofutwa bila kifutacho. Victor anasoma kifutacho bila kilichofutwa. Wote wajinga.”

Nilikasirika. Nilimwambia asilinganishe maneno ya Mungu na lugha ya mashine, huko ni kutafuta laana. Akanijibu kwamba hajasema ni wahyi. Amesema kila kitu kinachobadilika kinahitaji mtu wa kukaa chini aandike kimebadilika wapi. Hatukusemezana mpaka alipoondoka. Bado sijajua kama alikosea kusema vile. Nimemwombea msamaha kwa tahadhari, na mimi nimejiombea.

Alishuka Dakawa, akaenda kwa Victor, akamwambia ampe kile kitabu cha kwenye simu. Victor alimwambia karibu kwa walio hai. Saada alikichapa chote kwenye karatasi, akakiweka kulia, na kile cha Mwalimu Kasimiri kushoto, akanunua kalamu nyekundu. Akaanza upya ukurasa wa kwanza. Pale ambapo jambo la zamani limebaki aliandika pembeni mwa kile cha kushoto, *imebaki*. Palipobadilika aliandika, *imefutwa, tazama kipya sura fulani*. Watu walimwambia anapoteza muda, asome kipya peke yake yaishe. Pumzi ya kitabu kimoja ilikuwa imeshakwisha, sasa alikuwa anatumia asiyokuwa nayo. Nilimsikia kwenye simu anavyohema.

Alhamisi moja alinipigia wakati siko hata karibu na jiwe, sauti inakatika, nikachukua nakala yangu nikakimbia kupanda. Aliniambia nifungue ukurasa wa thelathini na mbili, nikafungua. Akaniuliza pameandikwa nini juu ya kugawanya. Nikamsomea, na yeye akanifasiria, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Katika lugha ya zamani, ukiiambia mashine igawe kumi na moja kwa nne, inakupa mbili na kunyamaza. Kinachobaki inakitupa. Katika lugha mpya inakupa mbili na robo tatu, hakuna kinachotupwa. Mwalimu Kasimiri kwa wino wake wa buluu alikuwa ameandika pembeni, *Tahadhari, baki imepotea, jiulize imekwenda wapi.*

“Kaka,” Saada alisema. “Saa kumi na moja kwa mashamba manne. Kila mmoja mbili. Nane. Saa tatu kila siku zinakwenda wapi?”

Miaka yote ile sikuwahi kuijumlisha, na sidhani kama kuna mtu aliwahi. Kila mtu alihesabu saa zake mbili tu, akashukuru.

Mkutano uliofuata aliwahi kufika. Mwinshehe alipoingia Saada alisimama, kama inavyotakiwa kwa mkubwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Moyo haujambo?”

“Haujambo. Saa tatu zinazobaki kila siku zinakwenda wapi?”

Mwinshehe alisema mfereji nao unakunywa. Udongo unanyonya, kila mtu anajua. Saada akasema mfereji unaokunywa saa tatu kila siku ni ajabu kwamba unalewa upande wa juu tu, kwenye shamba la mtu mmoja. Hapo hakuna aliyecheka. Mwinshehe alisimama, na alichokisema kimeandikwa kwenye muhtasari wa kikundi kwa mwandiko wa Saada mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa katibu na hakuacha kuandika. Alisema, “Mtu mwenye moyo mbovu asigawe maji ya watu wenye mioyo mizima.”

Kisha Saada akavua kitambaa kwenye kompyuta. Mara hii haikukataa. Ilipanga zamu za wiki nzima, kila shamba saa mbili na dakika arobaini na tano, muda wa wale wa mwisho ukihesabiwa tangu maji yanapofika kwao, siyo tangu lango linapofunguliwa. Simu za watu zikaanza kulia mifukoni, kila mmoja na ujumbe wa zamu yake. Walipiga kura wakanyanyua mikono. Mwinshehe alilichukua daftari lake akaondoka bila kuaga.

Msimu ule majaluba ya Saada yalijaa maji kwa mara ya kwanza. Mpunga ulipoanza kuchanua, alifariki. Tulimleta Kinole tukamzika chini ya njia ile iliyomshinda kupanda. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwa utaratibu wa ukoo wetu, vitu vyake vilipogawanywa mimi nilipewa majaluba, ubao na vitabu viwili. Hakuna mwingine aliyevitaka.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya kupandikiza, radi iliunguza ile kompyuta. Victor akaleta nyingine, akaweka Python mpya zaidi, maana lugha ile haitulii, na programu ya Saada ikagoma kutuma ujumbe. Alihangaika nayo siku tatu. Wakati huo huo Mwinshehe alishatokea ofisini na daftari lake, amelipiga nailoni, anasema kwa huruma kubwa kwamba watu hawawezi kukaa bila maji. Zamu ya kwanza aliwapa saa mbili mbili.

Victor alikuja Kinole kwa pikipiki. Aliniamkia vizuri, akanipa pole, akaeleza shida. Ndani ya programu Saada hakueleza kitu. Kila penye ugumu aliandika tu ukurasa wa kitabu na maneno *wino mwekundu*.

“Kwa hiyo braza Twalibu, naomba vile vitabu. Nikishavipata ni kazi ya saa moja.”

“Kile cha maiti au kipya?”

Alitazama chini. Alisema ule ulikuwa utani, hata sista mwenyewe alijua. Nikamwambia sista mwenyewe yuko pale bondeni, nenda kamwulize. Sikuona raha kusema hivyo. Lakini nilisema, na sikuyarudisha.

Nilitaka kumfukuza. Nilikwenda ndani nikachukua udhu, nikasali rakaa mbili, nikarudi na hasira ile ile. Hata hivyo niliwaza Mwinshehe na saa zake tatu, na miche yetu kule kwenye kitalu. Nikatandika mkeka. Nikamwambia vitabu hivi havitoki nyumbani humu kwa mtu asiyevisoma. Atakaa hapa anisomee kile cha Mwalimu Kasimiri, kutoka ukurasa wa kwanza, matini na buluu na nyekundu, na mimi nitashika nakala yangu. Akimaliza atavipiga picha atakavyo.

“Lakini wewe hujui hata kinasema nini.”

“Sijui. Ila najua ukikosa.”

Alidhani natania. Akasoma kurasa tano, akafungua wa saba. Nikasema, “Rudi.” Akasema wa sita ni utangulizi tu. Nikasema, “Rudi.” Akarudi. Siku ile alifika wa ishirini na tatu, akalala kwa jamaa zake Mkuyuni, kesho yake akaja tena. Hatukuzungumza lolote nje ya kitabu. Alipokuwa akisoma maneno mekundu sauti yake ilibadilika kidogo kidogo. Mara mbili alinyamaza akaandika kitu kwenye simu yake.

Siku ya nne, ukurasa wa mia moja na kumi na nane, alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Nadhani safari hii ilikuwa bahati mbaya. Nikasema, “Rudi.” Akarudi, akasoma matini, akasoma buluu, akafika kwenye nyekundu akasimama.

“Soma,” nilimwambia.

Akasoma. “*Kipande hiki cha kutuma ujumbe kimebaki, ila wenye lugha wametangaza watakiondoa. Kikiondoka, programu itagoma hapa. Tumia njia ya kitabu kipya, sura ya kumi na tisa. Victor ataparuka.*”

Kidole chake kilibaki juu ya karatasi. Mimi nilitazama nakala yangu, ambayo haikuwa na nyekundu hata moja, kwa sababu ni ya kabla ya hapo. Kisha nikamwambia bado kurasa arobaini na mbili. Alizisoma zote.

Jumatatu yake nikiwa kwenye midalasini ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Shamba namba thelathini na moja, saa mbili na dakika arobaini na tano. Jina la mwenye shamba bado lilikuwa Saada. Victor alinipigia jioni akaniuliza kama abadilishe aweke langu. Nilimwambia aache.

Mzee Mwinshehe nilikutana naye msikitini Ijumaa, nilipokwenda Dakawa kupandikiza. Alinikumbusha kwamba dini inatuamrisha kusamehe. Ni kweli, inatuamrisha. Nilimwamkia, akaitikia, nikasogea safu ya pili nikasali.